Huduma ya kwanza kwa askari asiye tabibu: kwa nini hili ni somo la kamanda

Ukiwauliza watu mtaani nani anamwokoa mwanajeshi aliyepigwa risasi watakwambia daktari, wengine watasema helikopta, na kwenye muvi ndivyo inavyokuwa kweli, helikopta inashuka, vumbi linatimka, jamaa anabebwa na tukio linalofuata yuko hospitali anakunywa supu. Kiuhalisia anayemwokoa ni yule aliyekuwa naye kwenye handaki, askari wa kawaida tu, dereva au mpishi au mtu wa redio, ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha uuguzi. Mshipa mkubwa wa damu wa paja ukikatika mtu anaweza kuondoka ndani ya dakika 3 hadi 5 hivi. Sasa piga hesabu, platuni ina watu 30 na kitu, tabibu wa kijeshi yupo mmoja, na huyo mmoja yuko upande wa pili wa barabara, au anamhudumia mwingine, au na yeye kashapigwa. Anayebaki ni jirani yako.

Hilo kila jeshi linalijua, ukimuuliza afande yeyote atakubali. Shida inaanzia kwenye kupanga mafunzo yenyewe, hapo kila mtu anakuja na la kwake, daktari anataka aongeze mada, kamanda anataka apunguze siku, bohari inauliza vifaa nani analipia, na askari mwenyewe kakaa benchi la nyuma anasinzia kwenye slaidi ya 80.

Kuna kitu kimoja kikikaa sawa mengine yanafuata, nacho ni swali hili: kuanzia mtu anajeruhiwa mpaka anafika mbele ya daktari wa upasuaji inachukua muda gani, kule mtakakokuwa nyie, sio kule kwenye kitabu? Jibu la hilo ndilo linaamua umfundishe nini askari, kwa masaa mangapi, abebe nini. Na jibu hilo analo kamanda, daktari hana. Ndo maana nasema hili ni somo la kamanda.

Chukua mfano wa mkanda wa kubana damu, ule unaofungwa kwenye mkono au mguu ukakazwa kwa kijiti mpaka damu isipite kabisa. Waliosoma huduma ya kwanza zamani, skauti au darasa la Msalaba Mwekundu, walifundishwa uogope huo mkanda kama ugonjwa, tumia ikishindikana kabisa, utamkata mtu mguu. Leo ukienda kozi yoyote ya kijeshi ya maana unaambiwa funga haraka, funga kwanza, maswali baadaye. Watu wanachanganyikiwa, nani sasa anadanganya? Hakuna anayedanganya. Kwenye vita kuu zile mbili majeruhi alikuwa anaweza kukaa masaa mengi kabla ya kufika kwa daktari, mkanda ukakaa muda wote huo na nyama ya mguu ikafa, kwa hiyo madaktari wakaona viungo vinapotea wakaulaumu mkanda. Halafu ikaja Vietnam, helikopta zipo, majeruhi anafika mapema, lakini lile onyo la zamani likabaki kwenye vichwa vya watu. Uchambuzi uliochapishwa 1970 uliangalia Wamarekani 2,600 waliouawa kule ukakuta 193 walikufa kwa kuvuja damu ya mkono au mguu tu. Yaani jeraha ambalo mkanda tu ungelizuia. Hiyo ni zaidi ya asilimia 7, watu wamekufa kwa sababu ya ushauri uliopitwa na wakati.

Na haikubadilika haraka. Wamarekani waliingia Afghanistan 2001 askari wengi hawana mkanda wa maana mfukoni. Kuanzia karibu 2005 ndo ukaanza kugawiwa kwa kila mtu, na madaktari wa hospitali ya kijeshi Baghdad wakakaa wakafuatilia waliofungwa mikanda. Walichokiona kilimaliza ubishi: waliofungwa kabla mwili haujaishiwa damu ukaingia kwenye mshtuko, karibu asilimia 90 walipona, waliofungwa baada ya mshtuko kuanza, asilimia 10 hivi. Kifaa ni kilekile, mguu uleule, tofauti ni dakika, na dakika hizo daktari hayupo. Na hakuna aliyepoteza kiungo kwa sababu ya mkanda peke yake.

Ila sasa angalia Ukraine kuanzia 2022. Droni ziko juu muda wote, gari la kubeba majeruhi haliwezi kusogea mchana, mtu anakaa kwenye handaki masaa na masaa, wengine mpaka siku ya pili. Lile tatizo la babu zetu la vita kuu limerudi vilevile, mkanda umefungwa kwenye jeraha ambalo bandeji ya kukandamiza ingetosha, umeachwa masaa kibao, mguu umekwisha. Kwa hiyo wakufunzi kule wamelazimika kuongeza somo jipya, jinsi ya kuliangalia jeraha upya mkishatulia, na kama inafaa kubadilisha mkanda uwe bandeji, ndani ya masaa mawili ya mwanzo ikiwezekana, na ukishapita masaa sita usiuguse, mwachie daktari. Kwa hiyo ukinakili kozi ya Wamarekani ya 2010 neno kwa neno, ile iliyoandikwa na watu wenye helikopta ndani ya saa moja, ukaipeleka sehemu isiyo na helikopta, umefundisha nusu ya somo.

Ile saa moja yenyewe ilikuwa ni amri. Mwaka 2009 waziri wa ulinzi wa Marekani Robert Gates aliagiza majeruhi wa Afghanistan wafikishwe kwenye matibabu ndani ya dakika 60, wakaongeza helikopta na timu za upasuaji. Aliyetoa amri ni mwanasiasa mwenye bajeti, daktari peke yake asingeweza.

Kwetu huku hii mada sio ya kusoma tu. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017 kambi ndogo ya walinda amani wetu pale Semuliki, eneo la Beni, Kivu Kaskazini, Kongo, ilivamiwa na watu wanaoaminika kuwa ni waasi wa kundi la ADF. Vijana 15 wa jeshi letu la Tanzania, JWTZ, walipoteza maisha na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa 2018 ulisema wazi kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wala kuwatoa askari wake, na kwamba mambo ya uongozi na amri pamoja na kukosekana kwa vitu kama ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia yalikwamisha. Sitaki kuongeza chumvi kwenye jambo la watu waliokufa. Nasema tu kwamba kambi ikishazingirwa usiku, kila alichojua yule wa pembeni yako kuhusu kuzuia damu ndiyo hospitali yenyewe mpaka kuche.

Umoja wa Mataifa una kanuni yake ya 10-1-2: ndani ya dakika 10 majeruhi awe amepata huduma ya kwanza ya kuzuia damu na kufungua njia ya hewa, ndani ya saa 1 awe kwenye mikono ya watu wa tiba ya dharura, ndani ya masaa 2 awe kwenye upasuaji. Ukiitazama vizuri, hiyo saa 1 na yale masaa 2 yanategemea barabara, mvua, marubani na vibali. Kitu pekee ambacho kombania, yaani kikosi cha platuni kadhaa, inakimiliki yenyewe, ambacho hakihitaji kuomba kibali kwa mtu, ni zile dakika 10. Na ndo maana UN wana kozi ya huduma ya kwanza ya mwenza kwa kila askari anayekwenda misheni, na nyingine ya juu zaidi kwa wale wachache watakaomsaidia tabibu.

Sasa tuingie kwenye kupanga. Kosa la kwanza na la kawaida kabisa ni kumpa daktari kazi ya kuandika mtaala peke yake. Daktari ni mtu mzuri, anajua mengi, na kwa sababu anajua mengi anataka na wewe ujue, basi ataweka mifupa, nyoka, kifafa, malaria, kuungua, kuzaa (nimeiona ratiba ya namna hiyo, kuzaa ipo kweli), na yote ni mambo ya maana, lakini mwisho wa siku askari ana notibuku imejaa na mikono haijui kitu. Wamarekani wenyewe walipita humo. Kozi yao ya askari mwokoaji, yule asiye tabibu ila kafundishwa zaidi ya wenzake, kwa miaka mingi ilikuwa na somo la kutundika dripu. Askari walikuwa wanalipenda sana, kumchoma mwenzako sindano unajisikia daktari. Baadaye wakaliondoa. Sababu ni kwamba lilikula muda mwingi wa kozi na vitani mtu anahangaika kutafuta mshipa huku damu inamwagika chini, wakati dripu ya maji ya chumvi hairudishi damu iliyopotea. Kuondoa somo kwenye ratiba ni kazi ngumu kuliko kuliweka, kila mada ina mtetezi wake.

Kinachobaki baada ya kupunguza ni kidogo na kinafuata mpangilio wa kile kinachoua haraka zaidi. Kwanza damu inayomwagika kwa kasi. Pili njia ya hewa, mara nyingi ni kumlaza ubavu tu au kumwacha akae anavyoweza kupumua akiwa na akili zake. Tatu kifua kilichotobolewa, kiziba. Nne mshtuko, na tano kichwa na baridi. Watu wengi wanashangaa hilo la baridi, tuko nchi za joto bwana, baridi ya nini, lakini mtu aliyepoteza damu mwili wake unapoa hata Dodoma saa saba mchana, na mwili ukipoa damu inagoma kuganda, inazidi kutoka. Kwa hiyo kumfunika mtu blanketi na kumtoa kwenye udongo wenye unyevu ni sehemu ya kuzuia damu. Dakika 5 za somo, inaokoa mtu.

Wale waliozoea huduma ya kwanza ya kiraia watauliza mbona hewa haikuja ya kwanza kama tulivyofundishwa. Kwenye ajali ya kuzama maji au mtu kuanguka kwa moyo hewa na moyo ni vya kwanza, sawa. Vitani takwimu ni nyingine. Madaktari wa kijeshi wa Marekani walipitia vifo 4,596 vya vitani vya kati ya 2001 na 2011. Asilimia 87 na kitu walikufa kabla ya kufika hospitali yoyote, na kati ya hao karibu robo walikuwa na majeraha ambayo kinadharia wangeweza kupona. Katika hiyo robo, asilimia 91 kilichowaua ni damu. Ukishaona hiyo namba mjadala wa nini kitangulie umekwisha.

Ila ndani ya hiyo 91 kuna jambo watu hulipita haraka, na hapa ndipo mafunzo mengi yanapwaya. Wengi wao damu ilitoka kifuani na tumboni ndani, huko askari wa kawaida hana la kufanya zaidi ya kumwahisha. Sehemu nyingine ilitoka kwenye maungio, kinena, kwapa, shingo, mahali ambapo mkanda haushiki. Mogadishu 1993, kwenye ile vita ya Oktoba 3 na 4 iliyoua Wamarekani 18, koplo mmoja wa Rangers, askari wa kikosi maalum cha jeshi la Marekani, alipigwa juu kabisa ya mguu, karibu na nyonga. Tabibu alikuwepo naye chumba kimoja, anajua kazi, akahangaika na hilo jeraha masaa, na kwa sababu msafara wa magari haukuweza kuwafikia kijana akafa. Jeraha la hivyo dawa yake ni kushindilia gozi ndani ya tundu la jeraha, kidole kinafuata kidole mpaka chini kabisa kwenye mfupa, kama unavyoshindilia sufi kwenye mto, halafu unakandamiza kwa uzito wa mwili wako dakika 3 nzima kama ni gozi yenye dawa ya kugandisha, bila kuchungulia. Kuchungulia ndo ugonjwa wa wanafunzi wote. Mtu anakandamiza sekunde 20 anainua aone kama imekata, inaanza upya.

Ukitaka kujua kama mafunzo ni ya kweli au ya kupiga picha tu kwa ajili ya ripoti, tazama zoezi la mkanda. Zoezi la kupiga picha: askari wamekaa kwenye viti kivulini, mmoja ananyoosha mkono, mwenzake anafunga juu ya gwanda, kijiti kinazungushwa nusu raundi, kila mtu anatabasamu, makofi. Zoezi la kweli: askari amelala kifudifudi kwenye matope, kitambaa machoni, mikono imepakwa mafuta ya kula au sabuni ya maji kwa sababu damu inateleza, mkanda uko mfukoni kwake mwenyewe na anatakiwa aufunge kwenye paja lake mwenyewe, juu kabisa karibu na kinena maana hajui jeraha lilipo, huku sajenti anampigia saa na mtu mwingine anampigia kelele sikioni. Halafu anakuja mkufunzi anapapasa mapigo kwenye mguu chini. Kama mapigo yapo, hujafunga. Rudia. Inauma, inauma kweli, na hilo ni la kusema mapema kwa sababu vitani mwenzako atapiga kelele umwachie na ukimwonea huruma ukalegeza umemuua. Wengi wanaokosea hawakosei kwa kutojua, wanaacha kukaza kwa sababu rafiki yao analia.

Halafu kuna ile hatua ya kwanza kabisa ambayo raia hatuielewi, hata mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni utani. Kama risasi bado zinapigwa, huduma ya kwanza bora ni kurudisha mashambulizi. Mwongozo wa Marekani wa kuhudumia majeruhi vitani, TCCC, ambao ulitoka kwa mara ya kwanza kwenye jarida la tiba ya kijeshi 1996, unagawa muda katika sehemu tatu: mkiwa bado chini ya risasi, mkishapata kificho, na mkiwa njiani kuondoka. Chini ya risasi kuna tiba moja tu, mkanda, na majeruhi anaambiwa aendelee kupigana kama anaweza, ajiburute mwenyewe mpaka kwenye kificho, ajifunge mwenyewe. Kumkimbilia kwa moyo wa kishujaa kunaleta majeruhi wawili, na bunduki mbili zimenyamaza. Sasa niambie somo hilo daktari wa hospitali atalifundishaje? Hilo linafundishwa na kiongozi wa seksheni, kile kikundi kidogo ndani ya platuni, kwenye zoezi la mbinu, anapoamua ghafla katikati ya shambulio kwamba wewe na wewe mmepigwa, tuone. Mafunzo ya huduma ya kwanza yanayofanyika darasani peke yake, siku yake, mbali na mazoezi ya mapigano, hayaungani na kitu chochote kichwani mwa askari.

Waliolielewa hili mapema ni Kikosi cha 75 cha Rangers. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Stanley McChrystal alipokuwa kamanda wao, aliweka mambo manne tu kuwa ndiyo ya lazima kuliko yote: shabaha, mazoezi ya mwili, mbinu za vikosi vidogo, na tiba. Tiba ikakaa meza moja na bunduki. Kila Ranger, mpaka karani, akafundishwa, na kamanda wa chini akawa anaulizwa matokeo ya tiba kama anavyoulizwa matokeo ya renji. Matokeo yalichapishwa 2011: kuanzia Oktoba 2001 mpaka Machi 2010 walikuwa na majeruhi wa vita 419, waliokufa 32, na hakuna hata mmoja kati ya waliokufa kabla ya kufika hospitali ambaye alikufa kwa kitu kilichokuwa kinazuilika. Sifuri, wakati kwenye jeshi zima ilikuwa robo. Na sehemu ya huduma hiyo ya mwanzo ilitolewa na askari wasio matabibu. Hawakuwa na dawa ya siri, mkanda ni uleule unaouzwa kwa kila mtu. Kilichokuwa tofauti ni kwamba luteni asiyefundisha watu wake tiba alikuwa anahesabika ameshindwa kazi.

Kuhusu masaa: Marekani sasa kila mwanajeshi anapata kozi ya msingi ya masaa 7 hivi, na askari waokoaji waliochaguliwa wanapata 40. Waingereza wana utaratibu kama huo, wanalenga askari mmoja katika kila wanne awe na mafunzo ya ziada ya tiba. Kwa kombania isiyo na bajeti ningesema hivi, siku moja kwa wote, wiki moja kwa wawili watatu wa kila seksheni, na usichague wale ambao hawana kazi nyingine, hilo ni kosa la kila mahali, sajenti anaambiwa toa watu wawili waende kozi anatoa mgonjwa na mkorofi. Chagua watulivu. Na wakufunzi wawe manaibu wa seksheni waliofundishwa na tabibu, tabibu abaki kuzunguka anakagua, kila mkufunzi asizidi watu sita hivi kwenye vituo vya mikono maana zaidi ya hapo wengine wanaangalia tu.

Vifaa nitapita haraka ila kuna mitego. Mkanda wa mazoezi na mkanda wa vita visichanganywe, ule wa mazoezi umevutwa mara mia plastiki imechoka, siku ya siku kijiti kinavunjika, ndo maana wengine wanatumia rangi ya bluu kwa mazoezi. Ule wa vita utolewe kwenye nailoni yake kabla ya doria, kucha zenye damu haziwezi kuchana nailoni. Ukae mahali pamoja kwa kila mtu, bega la kushoto au mfuko fulani, ili usiku nikikupapasa nijue ulipo, kwa sababu kanuni ni kutumia kifaa cha majeruhi mwenyewe, chako utakihitaji wewe mwenyewe. Na nunueni kitu halisi. Ukraine imejaa hadithi za mikanda feki ya bei chee, inafanana na ya kweli mpaka nembo, ukiikaza inakatika. Afisa manunuzi anayeokoa dola kumi hapo apewe zoezi la kujifunga yeye mwenyewe.

Kuna upande wa sheria pia ambao husahaulika kabisa. Askari aliyefundishwa huduma ya kwanza hageuki kuwa mtu wa tiba mbele ya Mikataba ya Geneva ya 1949. Anabaki mpiganaji, anaweza kulengwa, na haruhusiwi kuvaa msalaba mwekundu eti kwa sababu ana begi la bandeji. Wapo askari ambao mkataba wa kwanza unawalinda wakiwa wanafanya kazi ya kubeba na kuhudumia majeruhi wakati huo, lakini ni wale waliofundishwa mahsusi na kupangiwa kazi hiyo, sio kila mwenye mkanda mfukoni. Upande wa pili, wajibu wa kuhudumia majeruhi haubagui, adui akishajeruhiwa na ameacha kupigana anahudumiwa, na nani aanze inaamuliwa na jeraha, sio gwanda. Ila mnyang'anye silaha kwanza, mkague, halafu mfunge damu. Liingie kwenye igizo la mazoezi hivyohivyo, lisibaki kwenye mhadhara wa mwanasheria Ijumaa mchana.

Baada ya kozi watu wanapewa vyeti na hapo ndo mambo mengi yanafia. Ujuzi wa mikono unayeyuka, ndani ya miezi michache tu askari aliyekuwa anafunga mkanda kwa sekunde 30 anaanza kutafuta tundu la kupitishia. Kumrudisha darasani kila mwaka siku nzima ni gharama na hakuna anayefanya. Kinachofanya kazi ni dakika 10 kila wiki, baada ya paredi ya asubuhi, afande anataja jina na mguu: "Juma, mguu wa kulia, anza." Kabla ya kila doria, ukaguzi wa silaha uende sambamba na ukaguzi wa mkanda, na aliyeusahau arudi bwenini kama vile amesahau bunduki.

Cha mwisho ambacho vikosi vingi vinaruka ni kuandika. Rangers walijua kwamba ni sifuri kwa sababu kila majeruhi alikuwa na kadi, nani alimfunga, saa ngapi, nini kilifanyika, na baada ya tukio watu walikaa wakaipitia bila kutafuta wa kumsulubu. Kadi yenyewe ni kipande cha karatasi ngumu na kalamu ya wino usiofutika, na kama haipo, saa ya kufunga mkanda inaandikwa kwenye paji la uso la majeruhi au juu ya mkanda wenyewe. Daktari atakayempokea masaa matano baadaye anaangalia hiyo saa kabla hajaangalia kitu kingine, manake ndiyo inamwambia kama mguu bado una nafasi. Kwa hiyo kwenye mtihani wa mwisho wa kozi, askari aliyefunga vizuri, damu imekata, mapigo hayapo, ila hakuandika saa, mwambie amefeli, arudie kesho.